Miaka 19 ya ndoa, karatasi moja ya talaka: sheria ya matunzo ibadilishwe au hii tuliyonayo inatosha?

#1 Asumini_Wete

Assalamu alaykum. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Ijumaa, naomba nilitue hapa.

Dada yangu kaachwa. Ndoa ya miaka 19, watoto watano, mkubwa yuko kidato cha nne, mdogo hajaanza skuli. Talaka imeletwa na mtoto wa jirani, karatasi imekunjwa mara nne. Talaka moja. Eda kaikaa nyumbani kwake, na kwa haki ya Mungu mume kapeleka mchele, mafuta na pesa ya samaki mpaka mwisho, hapo siwezi kumsingizia. Eda ilipomalizika kaambiwa akusanye vyombo arudi kwao.

Kiwanja ni cha baba wa mume. Lakini nyumba wameijenga wote wawili. Dada kachambua karafuu za watu msimu baada ya msimu, kauza maandazi alfajiri, na pesa ya mabati ilitoka kwenye upatu wake. Siku ya kuezeka nilikuwepo, mimi ndiye niliyepika pilau la mafundi.

Karudi na kabati, godoro na kanga zake. "Kwao" kwenyewe hakuna, wazee wetu wameshafariki. Yuko kwangu, tunalala wanane vyumba viwili.

Suali langu: hii ndiyo haki yote ya mwanamke? Nasikia kuna nchi mume huendelea kulipa hata baada ya kuacha. Mimi nasema Baraza la Wawakilishi la Zanzibar libadilishe sheria, mtu asitolewe na miezi mitatu ya mchele baada ya miaka 19. Mnaojua nielimisheni.

#2 Pweza_Mkavu

Pole dada, Mungu amfanyie wepesi. Ila kwenye kubadilisha sheria nakupinga. Eda ni siku 90, zikipita yule si mke tena, ni mtu kando. Kesho anaposwa na mwengine. Nimlishe mke wa mtu kwa lipi? Mambo ya kulipana mpaka kufa si ya kwetu.

#3 Kariakoo_Mzaliwa_Mkoani

Mbona rahisi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, mali ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu. Aende mahakamani, akishindwa apande mpaka Mahakama ya Rufani. Bi Hawa Mohamed alifanya hivyo 1983 na akapewa nyumba yake.

#4 WakiliMchanga

Kariakoo, ndugu yangu, nikurekebishe kabla watu hawajaondoka na hayo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Huku haitumiki. Ndoa na talaka za Waislamu Zanzibar ziko Mahkama ya Kadhi, kwa Sheria Na. 9 ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Na hata huko Bara, kifungu cha 114 hakisemi nusu kwa nusu. Kinaitaka mahkama iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi.

Rufaa nayo, shauri lililoanzia kwa Kadhi linaishia Mahkama Kuu ya Zanzibar. Katiba yetu ya 1984, kifungu cha 99, imeifungia mlango Mahkama ya Rufani katika mambo hayo.

Kuhusu Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: alichoshinda ni hoja. Mahkama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali, na hoja hiyo imewasaidia wanawake wengi wa Bara baada yake. Nyumba yeye mwenyewe hakupewa. Ilionekana mume alikwisha kumpa fedha za kujiendeleza akazimaliza, ikahesabiwa keshachukua fungu lake.

#5 Kariakoo_Mzaliwa_Mkoani

Nimeelewa, ahsante. Miaka yote nikijua alitoka na ufunguo mkononi.

#6 Ustadh_Shumba

Wa alaykum salaam. Pole sana Asumini.

Nianze na Pweza. Eda si siku 90. Mwanamke anayeingia mwezini, kwetu Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, hukaa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi. Mmoja humaliza kwa miezi miwili na siku, mwengine anayenyonyesha hukaa miezi sita na zaidi. Miezi mitatu ni ya asiyeona damu. Mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Na katika talaka rejea mwanamke ndani ya eda bado ana hukumu ya mke: anakula, analala nyumba ile ile, na mmoja akifa wanarithiana. Aliyeachwa talaka tatu ana haki ya makazi tu, chakula hana ila akiwa na mimba.

Sasa lile lililoniuma kwenye bandiko la kwanza. Hakuna aliyeitaja muta'a! Wazee wakiita kitoka nyumba. Sura ya Al-Baqara, aya ya 241, inasema wanawake walioachwa wapewe cha kuwaliwaza kwa wema, ni haki juu ya wachamungu. Madhehebu mengine wamesema ni sunna kwa wengi wao. Sisi Mashafii tumesema ni wajibu kwa kila aliyeachwa bila kosa lake, isipokuwa aliyeachwa kabla ya kuingiliwa na mahari yake yametajwa, huyo huchukua nusu ya mahari. Kiwango hakikuwekwa. Wakielewana wenyewe vyema, wakigombana Kadhi hukadiria kwa kuangalia hali ya mume na hali ya mke.

Nimefungisha ndoa nyingi, na nimeletewa karatasi nyingi za talaka nizisome. Kitoka nyumba nimekiona kikitolewa mara mbili. Mara mbili tu, ndugu zangu. Sheria anayoitaka Asumini tunayo, tumeiweka juu ya kabati pamoja na misahafu.

#7 MamaWatatu_Mchangani

Ustadh umesema kweli lakini mimi nitakwambia penye ugonjwa. Hata kile kisichobishaniwa hakilipwi.

Niliachwa na watoto watatu. Nikadai huduma yao, nikashinda, ikaandikwa shilingi elfu 60 kwa mwezi kwa wote. Kalipa miezi miwili. Wa tatu simu haipatikani, kahamia kisiwa chengine, kaoa huko. Nikarudi mahkamani nikaambiwa niandike barua ya kukazia hukumu. Nikaandika. Nikaambiwa nijue anakaa shehia gani, nikapeleleza mpaka nikapata jina la shehia. Nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nauli ya kwenda na kurudi, mara saba, ilikuwa imeshakula huduma ya mwezi mzima.

Hukumu yangu ninayo, ina muhuri. Watoto hawali muhuri. Leteni sheria mpya, iwe nzuri ya dhahabu, nani atakayekwenda kumshika yule bwana?

#8 Bint_Chake

MamaWatatu pole mno. Kwa nini isikatwe huko huko anakolipwa, au ipitie simu kila mwezi?

#9 MamaWatatu_Mchangani

Mwenye mshahara wa serikali labda hukatwa. Wangu ni mchuuzi wa samaki mwanangu, mshahara wake uko kwenye tenga.

#10 Kijana_wa_Gando

Na sisi wenye matenga tuna maneno yetu.

Mimi nimeacha, sifichi. Nina mtoto mmoja kwa mtalaka wangu na ninapeleka huduma. Lakini mnajua bahari? Kusi ikivuma naweza kukaa wiki mbili sijatia chombo majini. Ukinipangia elfu 60 kila tarehe mosi, Juni nitakuwa mdaiwa na Julai nitakuwa mfungwa. Nikiwa gerezani mtoto anapata nini?

Jengine. Zamani mwanamke akiachwa alirudi kwao akakuta chumba, shamba la muhogo, kaka zake, mama yake. Ndiyo maana talaka haikumtupa njiani. Siku hizi wazee wameuza viwanja, kaka wamepanga mjini, chumba hakuna. Asumini mwenyewe kasema "kwao" hakuna. Kilichobadilika ni ukoo, sheria imebaki pale pale. Sasa mzigo wa ukoo mzima anatwishwa mume peke yake.

#11 Pweza_Mkavu

Gando umesema. Hapo hapo.

#12 BiMkubwa_Jambiani

Wanangu, nimesoma yote, mjukuu ananisomea na ananiandikia.

Gando mwanangu, ukoo umebadilika kweli, lakini hujasema ulivyobadilika ndani ya nyumba. Mimi nimeanza kulima mwani ulipoanza huku pwani ya mashariki, mwaka 1989. Kabla yake pesa ya mwanamke ilikuwa ya usumba na makuti. Mwani ulipokuja tukaanza kushika noti. Bamvua likitoka tuko majini, kiuno kimeinama, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunakwaruzwa na matumbawe, tunabeba magunia mabichi kichwani. Tukauza.

Mwaka wa kwanza mume wangu alinunua unga na mimi nikanunua kanga. Mwaka wa pili kasema bahari mbaya, nikanunua unga. Mwaka wa tatu haikuwa habari tena, unga nanunua mimi, daftari za skuli mimi, matofali ya chumba cha uani mimi. Hakunishurutisha. Mambo yaliingia polepole kama maji yanavyojaa, unageuka unaona yamefika kifuani.

Miaka 27 kaniacha akaoa mtoto wa miaka 20. Sikudai kitu. Sikujua kama nina cha kudai, nilikuwa najua mke hudai chakula tu, na chakula mimi ndiye niliyekuwa nanunua! Nimdai nini?

#13 Ustadh_Shumba

Bi Mkubwa, shikamoo. Umenigusa, na nitakujibu wazi.

Chakula ulichonunua wewe ilikuwa haki yako juu yake. Kwetu Mashafii nafaqa ya mke isipotolewa haipotei kwa kupita siku, inabaki deni shingoni mwa mume kama deni la duka, hata kama Kadhi hajaikadiria. Wenzetu Mahanafi ndio wanaosema ikipita bila hukumu imekwisha. Kwa hiyo ulikuwa na cha kudai, na ilikuwa ni miaka. Ila mlango wa ubishi upo. Mume anaweza kusema uliisamehe, au ulimpa kwa hiari, au kwamba hukuwa katika twaa yake, yaani hukumtii. Kadhi atataka ushahidi.

Na nikwambie lengine litakalowashangaza wengi humu. Wanavyuoni wa Kishafii wameandika kwamba kupika, kufua na kufagia si wajibu wa mke kisheria. Akifanya ni ihsani yake.

#14 Pweza_Mkavu

Ustadh taratibu, mke wangu anasoma humu!

Sasa kama kila kitu ni deni, mke akae na daftari la vitunguu na chumvi miaka 20 akisubiri aachwe? Hiyo itakuwa ndoa au duka? Nafaka inatolewa kwa mapenzi, haiandikwi.

#15 Bint_Chake

Pweza, nafaka ni mahindi na mtama. Unayotakiwa kumpa mkeo ni nafaqa. Labda ndo maana mtaani kwenu watu wanapelekewa mchele tu 😄

#16 Pweza_Mkavu

Hahaha haya mwalimu. Nimepokea.

#17 Salama_Bububu

Kwa wale wanaosema talaka ni rahisi. Kwa mwanamme ni rahisi. Mimi yangu nimeinunua.

Miaka minne hali chakula kwangu, halali kwangu, kaoa pengine, na haniachi. Nikimuuliza anasema "mimi sijakuacha, ukitaka kutoka toka." Anajua akiniacha yeye, eda na kitoka nyumba vinamhusu. Nikitoka mimi, namlipa. Nikajikhului. Nikarejesha mahari na juu yake akataka pesa ya kabati. Nimeuza cherehani yangu ili nipate kutoka.

Wanawake wangapi wametoka hivi? Na hao kwenye mazungumzo yenu ya matunzo hawamo kabisa, kwa sababu kwenye karatasi wao ndio walioomba kuondoka.

#18 WakiliMchanga

Salama, pole. Mume asiyetoa matunzo miaka minne, njia yako ilikuwa faskhi, Kadhi aivunje ndoa kwa kosa la mume, bila wewe kulipa hata senti. Wengi wanaingizwa kwenye khului kwa sababu humalizika haraka, au kwa kuwa hawana wa kuwaeleza tofauti. Msaidizi wa sheria wa shehia angekwambia. Watu wawatumie, msaada wao hauna malipo.

Sasa nirudi kwa Asumini na suala la kubadilisha sheria.

Sheria ya 2017 ilileta jambo kubwa: Kadhi amepewa mamlaka ya kugawa mali ya wanandoa. Zamani mwanamke akitaja nyumba aliambiwa apeleke madai mahkama za kawaida, huko akakutana na mawakili na ada, akakata tamaa. Ila mlango wenyewe una kizingiti, kwani mgawo ni pale penye mchango halisi. Na "halisi" ndiyo inayotutesa. Mabati ya upatu ni halisi, yanashikika. Je, miaka 19 ya kuamka alfajiri kukoka moto? Watoto watano? Hapo unategemea Kadhi uliyemkuta.

Kuhusu kitoka nyumba, Misri waliliona tatizo hili hili. Sheria yao ya 1985 inasema mwanamke aliyeachwa bila ridhaa yake na bila sababu kutoka kwake apewe muta'a isiyopungua nafaqa ya miaka miwili, ikiangaliwa uwezo wa mume, hali ya talaka na urefu wa ndoa, na mume anaweza kuruhusiwa kulipa kwa mafungu. Huo ni uzungu, Pweza? Msingi wake ni aya ile ile aliyoitaja Ustadh. India nako Mahkama ya Juu ilisema 2001 kwamba mume ampatie mtalaka wake, ndani ya eda, riziki ya kutosha ya maisha yake ya mbele, si ya miezi ya eda peke yake.

Mimi naona hapo ndipo pa kubadilisha. Kiwango cha chini kiandikwe, cha mwaka mmoja basi, Kadhi apandishe akiona haja. Gando alipe kwa mafungu ya msimu.

#19 Ustadh_Shumba

Kiwango cha chini sikipingi, kina maslaha. Lakini riziki ya maisha yake yote kama ilivyo India, hapo sitii mkono. Nafaqa hufuata kifungo cha ndoa. Kifungo kikikatika, aliyeachwa hurudi kwa baba, mtoto aliyekua, na baada yao hazina ya Waislamu. Gando kasema ukoo umelegea, ni kweli, basi tuulizane kwa nini kaka zake Asumini hawamo kwenye habari hii.

#20 Asumini_Wete

Ustadh, kaka tunaye mmoja. Yuko Oman miaka 11, anatuma anapojaaliwa. Simlaumu.

#21 Pweza_Mkavu

Wakili, nimekusikia kuhusu Misri. Lakini jibu hili. Ukiandika mwaka mmoja wa nafaqa, unadhani mwanamme asiye na kitu ataacha na kulipa? Atafanya kama mume wa Salama. Atakaa kimya, hamuachi wala hamshiki, mpaka mke anunue mwenyewe. Utakuwa umewaongeza akina Salama. Nina dada wanne, nasema kwa uchungu wao. Sheria ikimkaba mwenye kuacha ataacha kuacha, na mke atabaki ananing'inia.

#22 Salama_Bububu

Pweza, ni mara ya kwanza leo nimekubaliana na wewe.

#23 WakiliMchanga

Hoja nzito. Jibu langu ni faskhi iwe nyepesi na iende sambamba. Ila sitasema nina hakika itazuia yote.

#24 Mzee_Makonyo

Vijana, salaam. Mnabishana juu ya bei ya maziko, mgonjwa hamjamtazama. Mgonjwa ni talaka yenyewe. Mtu kagombana na mkewe juu ya chumvi, jioni anaomba kalamu. Enzi zetu huku Pemba ukitaka kuacha ulipita kwa mjomba, kwa imamu, kwa baba mkwe, na kila unapopita unakalishwa kwenye mkeka na kuulizwa. Ukifika wa tatu hasira imepoa. Siku hizi mtu anaandika ujumbe wa simu akiwa kwenye daladala.

Na nikumbushe, mlango wa masharti katika akdi upo. Baba anayeoza binti yake anaweza kuandikisha mahari makubwa ya kuakhirishwa, yanayodaiwa siku ya talaka. Hiyo ni sharia safi, haihitaji Baraza la Wawakilishi. Lakini tunaoza mabinti kwa msahafu na kitanda, tunaona haya kutaja pesa mbele ya wakwe, kisha tunalia baadaye.

#25 Bint_Chake

Shikamoo mzee. Ukweli mtupu, ila nani atakayeposa nyumba inayotaja siku ya talaka kwenye posa? Nilipomgusia mama yangu alinifunga mdomo kwa kiganja.

#26 Mzee_Makonyo

Marahaba. Mwambie mama nimesema mimi.

#27 Fundi_Bati

Jamani mimi si mtu wa sheria, ni fundi wa kuezeka, miaka 15 juu ya mapaa. Asumini nina neno na wewe.

Mafundi tunajua nani kalipa. Ninapokuja kuchukua pesa ya misumari, bwana ananiambia "subiri mama Fulani arudi." Mama Fulani anatoa noti kwenye fundo la kanga, zimekunjamana, zina harufu ya karafuu. Nimepokea hizo mara nyingi sana. Mwaka jana niliitwa ushahidi katika shauri kama la dada yako. Niliulizwa: mabati mangapi, geji gani, nani kakukabidhi fedha mkononi. Nikajibu nililolijua. Yule mama alipata fungu lake. Hakupata nyumba, aliwekewa thamani ya paa na matofali aliyothibitisha, mume akaamriwa kumlipa.

Kwa hiyo mtafuteni fundi aliyeezeka. Na kama yule aliyekuwa akishika upatu bado yu hai, mtafuteni naye, daftari lake lina jina la dada yako na tarehe aliyopokea. Ukilinganisha tarehe ya upatu na tarehe ya mabati, mambo yatakaa sawa.

#28 WakiliMchanga

Fundi, Mungu akuzidishie. Hilo daftari ni bora kuliko maneno yangu yote.

#29 Kijana_wa_Gando

Bi Mkubwa wa Jambiani, nimelala na maneno yako. Mama yangu naye ni mtu wa mwani, huku upande wetu. Nimemuuliza leo asubuhi nani alinunua simenti ya nyumba yetu. Kanyamaza kwanza, kisha kacheka, akasema "kwani hujui?" Nilikuwa sijui.

Bado nasema elfu 60 ya kila mwezi kwa mvuvi ni mtego. Lakini hilo la nyumba nimelifikiri upya.

#30 BiMkubwa_Jambiani

Mungu akubariki mwanangu. Mbusu mama mkono.

#31 MamaWatatu_Mchangani

Mmenisahau mimi na muhuri wangu. Mume wa dada yake Asumini yuko pale pale kwenye nyumba, anashikika. Wangu hashikiki. Mkiandika sheria mpya andikeni na mtu wa kuitekeleza, na nauli yake ndani, asinidai mimi.

#32 Asumini_Wete

Nimewasoma nyote mpaka usiku, na dada nimemsomea. Alipofika kwa Bi Mkubwa aliniambia nirudie.

Fundi tumempata. Yuko Konde, anakumbuka vizuri, kasema mabati 42 na pesa kapewa na dada mbele ya mlango wa uani. Aliyeshika upatu ni jirani yetu wa zamani, daftari kalitoa chini ya godoro, jina la dada limo. Jumatatu tunakwenda kwa msaidizi wa sheria, tutaanza na kitoka nyumba na paa, mengine tutaona.

Shemeji kapata habari. Jana jioni katuma mtu kusema hakatai kwamba pesa ya mabati ilikuwa ya dada, lakini eti alimpa kama zawadi, kwa mapenzi, na zawadi hairudishwi. Dada anasema neno zawadi halikutajwa siku ile, wala neno deni halikutajwa. Walikuwa wanaezeka nyumba yao, mvua za masika zinakaribia.

Ustadh, upo? Ikiwa hakuna aliyetaja chochote, inahesabiwa nini?